Mbaazi za Lindi, Mvua za Kalaburagi

Katika soko la jumla la Vashi, ng'ambo ya hori kutoka katikati ya jiji la Mumbai, dalali wa nafaka akiuliza bei ya mbaazi za nje huulizwa kwanza: zipi? Kuna "Arusha", kuna "Matwara", kuna "Gajri", na kuna "Lemon" inayotoka Myanmar. Matwara ndiyo Mtwara, ilivyozoeleka kuandikwa kwenye orodha za bei za huko. Kila aina ina bei yake ya siku, na tofauti ya rupia chache kwa kilo ndiyo itakayoamua mkulima wa Nachingwea, aliyekwisha kupeleka viroba vyake ghalani, ataondoka na shilingi ngapi.

Pwani ya Afrika Mashariki wanaijua mbaazi kama chakula cha asubuhi, imeungwa kwa nazi, pembeni mahamri au mandazi. Huko India huliwa kwa namna nyingine. Hukobolewa ganda, hupaazwa ikawa vipande viwili vya manjano, kisha huchemshwa mpaka irojeke. Hiyo ndiyo dali ya kila siku. Majimbo ya kusini huitia ukwaju na mboga ikawa sambar. Gujarat huionjesha sukari guru. Kwa mamilioni ya watu wasiokula nyama, na mamilioni mengine wasioimudu, sahani hiyo ndiyo inayojenga mwili.

Ukubwa wa nchi yenyewe ni wa kutisha kidogo. India iliipita China kwa idadi ya watu mwaka 2023, na sasa ina watu zaidi ya bilioni 1.4. Hakuna nchi inayokama maziwa mengi kuliko yake. Katika mchele unaouzwa kati ya nchi na nchi, takriban tani nne katika kila kumi hutoka India. Na kwenye mazao ya jamii ya mikunde, yaani mbaazi, dengu, choroko, adesi na ndugu zao, India inaongoza kwa kulima, inaongoza kwa kula, na inaongoza kwa kuagiza. Hulima karibu robo ya mikunde yote ya dunia na bado haimtoshi mlaji wake. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2025 iliagiza takriban tani milioni 7, kiasi ambacho haikuwahi kukifikia kabla.

Wanaolisifia "soko la India" kwenye semina za biashara hupenda kutaja ile bilioni 1.4 na kuishia hapo. Kinachosahaulika ni kwamba mnunuzi huyu ndiye pia mkulima mkubwa kuliko wote wa kitu kilekile anachokinunua. Anachohitaji kutoka nje ni kujaziwa pengo tu. Mvua ikinyesha vizuri Karnataka na Maharashtra, pengo hufinyaa. Ikigoma, pengo hupanuka mpaka kishindo chake kikasikika Babati.

Kalenda ndiyo inayoipa Afrika Mashariki nafasi. Wakulima wa India hupanda mbaazi Juni na Julai, mvua za kusi zinapoingia, na mavuno mapya huanza kumiminika sokoni kuanzia Desemba na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka. Lindi na Mtwara mbaazi hupandwa pamoja na mahindi mvua zikianza, mahindi yakavunwa, mbaazi zikabaki shambani zikinywa unyevu wa chini, hadi Agosti na Septemba. Kaskazini, upande wa Manyara, msimu huchelewa kidogo. Kwa hiyo mzigo wa Tanzania, Msumbiji na Malawi hufika Mumbai kati ya Septemba na Novemba, maghala ya India yakiwa yameanza kuonyesha sakafu na sikukuu ya Diwali ikiwa imekaribia. Mfanyabiashara anayeshikilia mzigo wake hadi Januari kwa tamaa ya bei hukutana uso kwa uso na mbaazi mpya za Kalaburagi, wilaya ya kaskazini mwa Karnataka inayotajwa kila mahali mbaazi zinapozungumzwa.

Jinsi mashine hii inavyofanya kazi ilionekana wazi kati ya 2014 na 2017, na wakulima wa Tanzania hawajaisahau miaka hiyo.

Mvua za kusi zilipungua India kwa miaka miwili mfululizo: mwaka 2014 zilikuwa pungufu kwa asilimia 12 ya kawaida, mwaka 2015 kwa asilimia 14. Kufikia Oktoba 2015 kilo moja ya dali ya mbaazi ilikuwa ikiuzwa karibu rupia 200 katika baadhi ya miji. Serikali ilivamia maghala ya walioficha shehena, ikaagiza kwa haraka, na ikaanza kutafuta wauzaji wa kudumu. Julai 2016 waziri mkuu Narendra Modi alizuru Msumbiji, Afrika Kusini, Tanzania na Kenya katika safari moja. Msumbiji ilipata makubaliano ya maandishi ya mikunde: tani 100,000 mwaka wa kwanza, zikipanda hadi tani 200,000 ndani ya miaka mitano. Tanzania haikupata makubaliano ya namna hiyo, na wakati ule halikuonekana kuwa jambo kubwa, kwa sababu bei ilikuwa ikijisemea yenyewe. Vijijini kilo moja ilikuwa imevuka shilingi 2,000. Watu waliokuwa wakipanda mbaazi kando ya mahindi tu walifyeka mashamba mapya kwa ajili yake.

Kosa ni kwamba mkulima wa India naye aliiona bei hiyohiyo. Serikali yake ilimpandishia bei ya chini inayomdhamini, mvua za 2016 zikawa njema, na mavuno ya mbaazi yakaruka kutoka tani milioni 2.5 na ushei hadi zaidi ya milioni 4.5 kwa msimu mmoja. Mwanzoni mwa 2017 bei katika masoko ya Karnataka na Maharashtra ilikuwa imeanguka chini ya ile ya serikali, na wakulima wakapiga foleni siku nyingi kwenye vituo vya ununuzi. Agosti 5, 2017 tangazo likatoka Delhi: kuanzia siku hiyo mbaazi za kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka wa fedha. Mzigo unaoingia kwa makubaliano kati ya serikali na serikali haukuguswa. Msumbiji, yenye karatasi mkononi, ilibaki na mlango wake wa pembeni.

Tarehe hiyo iitazamwe vizuri. Mapema Agosti kusini mwa Tanzania mbaazi zimeshakauka mtini. Gharama zote zimekwishalipwa: kulima, kupanda, palizi. Kinachobaki ni kuzikata, kuzirundika, kuzitandaza juu ya turubai na kuzipura kwa fimbo, kisha kuzipepeta kwa ungo upepo unapovuma. Ni kazi ya mikono mitupu, na vibarua hulipwa taslimu. Mwaka ule, katika baadhi ya vijiji kilo iliporomoka chini ya shilingi 300, na kumlipa kibarua wa kupura kukawa ni kutia hasara juu ya hasara. Kuna waliochunga mbuzi ndani ya mashamba yao wenyewe.

Lawama nyingi zilitupwa kwa walanguzi, nyingine kwa serikali ya Tanzania. Zilikuwa na haki yake kwa sehemu, lakini mkono uliofunga lango ulikuwa Delhi, na mkono huo una tabia inayotabirika. Siasa za India huendeshwa na pande mbili zinazovutana: mlaji wa mjini asiyevumilia chakula kupanda bei, na mkulima wa kijijini asiyevumilia kishuke. Mwaka 1998 chama kilichokuwa kikitawala jimbo la Delhi kilishindwa uchaguzi, na hadi leo watu husema kitunguu ndicho kilichokiangusha, kwa jinsi bei yake ilivyokuwa imepaa. Tangu hapo hakuna mwanasiasa wa huko anayekidharau kitunguu. Chakula kikipanda bei, serikali huzuia kisitoke. Kikishuka, huzuia kisiingie. Mei 2022 ilipiga marufuku kuuza ngano nje. Julai 2023 ikafuata mchele mweupe usio wa basmati, marufuku iliyoondolewa Septemba 2024 baada ya kuzitikisa nchi nyingi zinazonunua mchele. Desemba 2023 ilikuwa zamu ya vitunguu. Anayeuza mbaazi kwa India anaingia katika mvutano huo huo, apende asipende.

Zanzibar ingeweza kulisimulia hili miaka themanini kabla. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyoweka biashara ya kununua karafuu kwa ajili ya kuuza nje mikononi mwa chama kimoja cha wakulima wa karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, waliokuwa ndio mishipa ya biashara hiyo, wakagoma. Chama cha Congress cha India kikawaunga mkono na kuwataka Wahindi wasinunue karafuu za Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa kabisa wa zao lile, na ususiaji uliuma hazina ya visiwa mpaka Mei 1938, pande zote zilipokubaliana na wafanyabiashara wakarudishiwa nafasi yao. Zao moja, mteja mmoja mkubwa, na uamuzi unaotolewa ng'ambo ya bahari: mambo hayo yamekutana tena na tena upande huu wa Bahari ya Hindi.

Lango la mbaazi lilifunguliwa tena Mei 2021, na ruhusa ya kuingiza bila kikomo imekuwa ikiongezwa muda tangu wakati huo. Msumbiji ilihuishiwa makubaliano yake ya tani 200,000 kwa mwaka hadi mwaka wa fedha wa 2025/26, na Malawi nayo ikapata ya tani 50,000. Uagizaji wa mbaazi ulivuka tani 700,000 mwaka 2023/24, kisha ukapita milioni moja mwaka uliofuata. Tanzania bei zilifufuka, na katika minada ya 2023 kilo ilirudi kwenye jirani ya shilingi 2,000. Hata hivyo karatasi peke yake si kinga: mwishoni mwa 2023 shehena za Msumbiji zilikwama bandari ya Nacala kwa sababu ya mvutano wa wauzaji uliofika mahakamani, na Mumbai bei ikapanda kwa kukosa mzigo huo.

Namna ya kuuza nayo imebadilika. Zamani mnunuzi mdogo alikuja kijijini na debe lake, lililotunishwa kwa makusudi, akanunua kwa mtindo wa kangomba bei aipendayo. Siku hizi katika mikoa mingi inayolima mbaazi mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, unapimwa uzito na kukaguliwa unyevu na uchafu, anapewa stakabadhi, na mzigo husafirishwa hadi ghala kuu. Soko la Bidhaa Tanzania, linalojulikana kwa kifupi TMX, huendesha mnada kwa njia ya kielektroniki. Wanunuzi huweka bei zao, bei husomwa mbele ya wakulima waliokusanyika, na wao hupiga kelele za kukubali au kukataa. Kukataa hutokea. Bei ya ushindani inaonekana na kila mtu, na hilo ni jambo kubwa kwa watu waliozoea debe. Malalamiko yapo pia: makato ya chama, ya ghala, ya usafiri na ya halmashauri hula kipande cha kila kilo, malipo huingia benki baada ya siku kadhaa, na mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kungoja siku kadhaa. Ndiyo maana kangomba haijafa.

Mnunuzi wa Mumbai, kwa upande wake, hajali mkulima alilipwaje. Anatazama punje. Anataka kubwa, nyeupe au za rangi ya maziwa, zinazolingana, kwa sababu mashine ya kukobolea hupangwa kwa ukubwa mmoja na punje ndogo hupita na ganda lake. Hapo utafiti umesaidia. Taasisi ya kimataifa ya ICRISAT, yenye makao Patancheru karibu na Hyderabad na ofisi Nairobi, imefanya kazi na watafiti wa Tanzania kutoa mbegu kama Komboa, inayokomaa mapema, na Mali, inayohimili mnyauko, ugonjwa unaokausha mmea mzima kutoka mizizini. Babati ni mojawapo ya mahali zilipopokewa vizuri. Adui anayebaki ni fukusi. Yai hutagwa juu ya ganda au punje, mdudu hula ndani kwa ndani, na gunia lililoondoka Mtwara likiwa zima linaweza kufunguliwa bandari ya Nhava Sheva likiwa na unga na matundu. India hudai mzigo ufukizwe dawa kabla ya kusafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea. Kontena lisilotimiza masharti hutozwa faini ya ukaguzi inayoweza kumaliza faida yote.

Mbaazi haiko peke yake. Dengu za Shinyanga, Simiyu na Mwanza hupita njia hiyohiyo, na kwa muda mrefu zimefaidika na kanuni isiyojulikana sana: India huzipunguzia au kuziondolea ushuru bidhaa nyingi za nchi zenye maendeleo duni, na Tanzania, Uganda, Msumbiji na Malawi zimo katika kundi hilo. Kenya haimo. Miaka ambayo dengu za Australia zilitozwa ushuru wa zaidi ya asilimia 60, za Tanzania ziliingia bure. Korosho ghafi zimekuwa zikienda Kollam, jimbo la Kerala, tangu enzi za babu, ingawa Vietnam sasa inazigombania vikali. Jipya zaidi ni parachichi. Tabaka la kati la Bangalore na Mumbai limeanza kulipaka kwenye mkate, na Tanzania imo miongoni mwa wauzaji wakubwa wa tunda hilo huko, kutoka Njombe, Rungwe na Kilimanjaro. Uzuri wa parachichi ni kwamba India hulima kidogo sana la aina ya Hass, kwa hiyo hakuna mkulima wa Kalaburagi wa kumpigia kelele waziri. Kwa sasa.

Swali linaloulizwa kila msimu ni kwa nini zisikobolewe hapahapa, ikauzwa dali badala ya mbaazi nzima. Viwanda vya kazi hiyo vipo Afrika Mashariki na Malawi, na wateja wake zaidi ni maduka ya Wahindi walioko Uingereza, nchi za Ghuba na Amerika Kaskazini. Kuiuzia India yenyewe dali iliyokwisha kupaazwa ni mlima mwingine. Miji kama Latur na Akola ina viwanda vya dali vingi, vyenye ajira zake na wabunge wake, na kinachotakiwa kule ni malighafi ya kuvilisha. Njia ya karibu zaidi ni tumbo la nyumbani. Tani zinazoliwa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi hazitegemei tangazo la mtu, na mbaazi mbichi za Makueni na Machakos zimeonyesha kwamba mlaji wa mjini hununua akiletewa zikiwa safi. Lakini ukweli usemwe: karibu mbaazi zote ambazo Tanzania huuza nje huelekea India, na hakuna mlaji wa ndani atakayezimaliza kesho.

Wakati huohuo India imesema hadharani kwamba inataka kuacha kuagiza. Mapema 2024 serikali yake iliweka lengo la kujitosheleza kwa mikunde ifikapo mwisho wa 2027, na Oktoba 11, 2025 Modi alizindua mpango wa miaka sita wenye rupia bilioni 114.4, unaolenga kufikisha mavuno ya mikunde yote tani milioni 35 ifikapo 2030/31. Bei ya chini ya mbaazi, iliyokuwa rupia 5,450 kwa kilo 100 msimu wa 2017/18, imepandishwa hadi rupia 8,000 kwa 2025/26, na serikali imeahidi kununua mbaazi zote zitakazoletwa na wakulima waliojiandikisha kwa miaka minne.

Malengo kama haya yamewahi kuwekwa. Kinachoyakwamisha ni shamba lenyewe. Mbaazi ya India hukaa ardhini miezi mitano hadi sita au zaidi ikitegemea mvua, huku soya ikimpa mkulima pesa ndani ya miezi mitatu au minne na kumwachia nafasi ya kupanda kingine. Maeneo yenye maji ya umwagiliaji yamekwisha kutekwa na mpunga, ngano na miwa, mazao ambayo soko lake limehakikishwa kwa miongo. Na mwaka wa El Niño, ambao India mara nyingi huleta ukame, hausomi mpango wa serikali. Kwa hiyo pengo linaweza kupungua, likarudi, likapungua tena, na kila linaporudi Delhi itatafuta kwanza kilicho rahisi. Desemba 2023 ilifungulia njegere za manjano za Canada na Urusi ziingie bila ushuru, zikawa mbadala wa bei nafuu uliouvuta mkeka wa mikunde mingine yote.

Zipo tarehe ambazo chama cha ushirika cha Lindi au Kondoa kingeweza kuzibandika ukutani. Kati ya Mei na Juni Delhi hutangaza bei ya chini ya msimu. Julai na Agosti hutoka taarifa za ekari zilizopandwa na kiasi cha mvua. Machi 31 mwaka wa fedha wa India hufungwa, na ruhusa ya kuingiza mbaazi huisha au huongezwa, wakati mwingine zikiwa zimebaki wiki chache. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, kwa sababu Machi mbegu imekwisha kuwa ardhini tangu Desemba au Januari, mahindi yanakaribia kubeba, na mbaazi zimesimama kati ya mistari zikiwa ndogo. Mkulima hupanda bila kujua kama lango litakuwa wazi atakapovuna. Makubaliano ya miaka kadhaa kama yale ya Msumbiji, hata ya tani chache kuliko anazotamani, yangempa walau idadi ya kukata nayo shauri siku ya kununua mbegu, na wakati wa kuyadai ni ule ambao bei ya dali iko juu Mumbai na simu zinapigwa kutoka huko.